Mshika Ufunguo

Neno uongozi ni neno la safari. Kabla halijaketi katika vikao na semina, lilitembea kwa miguu katika njia zilizotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, nalo lilikuwa na mwenyewe aliyeitwa kirangozi. Huyo alitangulia mbele ya wapagazi wote, wala hapakuwa na mwingine aliyeruhusiwa kumpita njiani. Msafara haukuwa mali yake; pembe, vitambaa na shanga vilikuwa na matajiri wake. Wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19, Richard Burton akiwa mmoja wao, walivutwa na vazi la kirangozi, ngozi na manyoya yaliyomtofautisha na wenziwe. Lakini kirangozi alikuwa na jambo jingine lililo kubwa kuliko vazi: naye alibeba mzigo. Ulikuwa mwepesi kuliko mizigo ya wengine, walakini ulikuwa mzigo, na bega lake lilijua uzito wa vitu visivyokuwa vyake.

Katika vitongoji vya Dar es Salaam leo, vazi la uongozi laonekana kila mahali, na mzigo wake ni wa kutafutwa. Pita Mbagala, Tandika, Yombo na Buza kwa upande wa Temeke. Pita Tandale, Mwananyamala, Kigogo na Bunju kwa upande wa Kinondoni. Utaviona vibao vidogo vya bati vilivyopigwa rangi na kutundikwa juu ya milango ya nyumba za kupanga. Maneno yake yafanana: vijana, maendeleo, uongozi. Nyuma ya kibao mna vyumba viwili, meza moja, kabati lenye kufuli na viti vya plastiki vilivyopandanishwa ukutani. Hizo ndizo asasi za mtaa. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 ilizipa njia ya kuandikishwa, na nyingi zilianzishwa na watu wa mtaa wenyewe: mwalimu aliyestaafu, mama aliyechoka kuona watoto wa jirani wakipotea, au vijana watano waliomaliza kidato cha nne wakakosa pa kwenda. Hapana haki ya kuzicheka. Mwenye kuzicheka na aeleze kwanza ni nani mwingine aliyefungua mlango mtaani kwa ajili ya kijana ambaye shule imemwacha na kazi haijampokea.

Ukubwa wa jambo lenyewe wataka kutazamwa kwa hesabu. Dar es Salaam ilihesabiwa watu 128,742 mwaka 1957. Mwaka 1967 walikuwa 272,821. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa huo ulikuwa na watu 5,383,728. Temeke peke yake 1,346,674 na Kinondoni 982,328, ingawa wilaya hizo mbili zilikuwa zimekwisha kumegwa katikati ya miaka ya 2010 ili kuzaa Kigamboni na Ubungo. Yaani Temeke ya leo, baada ya kumegwa, ina watu zaidi ya mara kumi ya mji mzima wa mwaka 1957. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 yamhesabu kuwa kijana mtu wa umri wa miaka 15 hadi 35. Kwa hesabu hiyo kijana si mgeni katika mitaa hii. Kijana ndiye mtaa.

Hata hivyo aghalabu huzungumzwa kama mgeni, tena mgeni wa kuogopwa. Akikaa kijiweni huitwa mzururaji, akiondoka huitwa mtoro. Baada ya tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ambayo maandamano na ghasia zilitokea katika sehemu kadhaa za jiji hata amri ya kutotoka usiku ikatangazwa, neno vijana lilizidi kutajwa kwa sauti ya tahadhari, kama litajwavyo neno moto au neno maji. Wazee wenye busara waliuliza vijana wametoka wapi. Swali lingekuwa jema zaidi kama lingeulizwa mapema: vijana walikuwa wamepewa nini cha kushika?

Jibu la asasi nyingi kwa swali hilo ni semina. Kijana huitwa siku ya Jumamosi, huandika jina katika karatasi ya mahudhurio, hupewa daftari na kalamu, husikiliza mada ya sifa za kiongozi bora. Sifa zenyewe huandikwa kwa kalamu ya wino mzito juu ya karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani: mwaminifu, mvumilivu, mwenye maono. Vijana hugawanywa katika vikundi, kila kikundi huchagua mwenyekiti na katibu, na baada ya dakika ishirini mwenyekiti husoma waliyoyasema, na kazi yake ikaishia hapo. Mchana huja wali na soda. Jioni huja nauli ya kurudia, kisha cheti na picha ya pamoja. Karatasi ya mahudhurio hupelekwa kwa mfadhili, naye aona ya kwamba vijana 40 wamejengewa uwezo wa uongozi. Kila mtu katika habari hii amefanya kazi yake kwa nia njema. Ila kijana aliyekuwa mwenyekiti kwa dakika ishirini hakuwa mwenyekiti wa kitu. Hapakuwa na mali ambayo ingepotea kama angekosea, wala mtu ambaye angekuja mlangoni kwake usiku kumwuliza. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ziko asasi ambazo kijana ni mgeni mwaka wa tatu sasa, na jembe hajaliona.

Mambo hayakuwa hivyo siku zote katika mji huu. Palikuwa na vyuo vya uongozi ambavyo havikujiita vyuo. Cha kale chenye kukumbukwa ni ngoma ya beni. Ilianza Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, ikashuka pwani, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeota mizizi Dar es Salaam katika pande mbili zilizoshindana, Marini na Arinoti. Vijana wa Marini na Arinoti walivaa kofia na mikanda, wakapeana vyeo vya kifalme na vya kijeshi, wakaandamana kwa tarumbeta. Wakubwa wa serikali ya kikoloni walitazama, baadhi yao wakacheka na wengine wakaingiwa na shaka. Waliocheka hawakuona kilichokuwa nyuma ya tarumbeta. Mwanachama akifiwa, chama kilizika. Mgeni wa chama akiingia mjini kutoka Tanga au Tabora, alikuwa na pa kulala. Mashindano yalitaka ng'ombe, mchele na nguo, na vitu hivyo vilitaka michango, na michango ilitaka mtu wa kuitunza na kuisemea. Mwanahistoria Terence Ranger alitumia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1975, kuonyesha kwamba katika vyama hivyo vya kucheza watu wa Afrika ya Mashariki walijifunza kupanga mambo yao. Naam, walicheza, na katika kucheza mmoja wao alishika fedha ya wenziwe, akalala nayo, akaamka nayo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Bibi Titi Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akapata elimu ya shule ya miaka michache tu. Umaarufu wake wa kwanza ulikuwa wa sauti: alikuwa mwimbaji mkuu wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955, chama cha TANU kilipokuwa na umri wa mwaka mmoja, yeye akawa kiongozi wa sehemu ya wanawake ya chama hicho. Hakuhubiri barabarani kwa watu asiowajua. Alikwenda kwa wakubwa wa vikundi vya ngoma, wanawake ambao kila mmoja alikuwa na watu wake, daftari lake na siku yake ya kukutana, akazungumza nao. Na kabla ya mwaka huo kwisha maelfu ya wanawake walikuwa wamechukua kadi. Wenye elimu ya darasani wakastaajabu. Ajabu ilikuwa wapi? Mwimbaji mkuu wa ngoma hujua kuita watu wakaja, hujua nani amegombana na nani, nani hajalipa mchango na kwa nini asifedheheshwe, wimbo upandishwe lini na ushushwe lini. Susan Geiger, aliyekusanya masimulizi ya wanawake hao katika kitabu chake cha mwaka 1997, alionyesha kwamba TANU haikuwapa wanawake wa Dar es Salaam uongozi, iliukuta. Nao ulikuwa umekomaa mahali ambapo hakuna ofisa wa maendeleo ambaye angekwenda kuutafuta.

Vilabu vya mpira navyo vyastahili kutajwa, ingawa kwa ufupi, kwa kuwa habari zake zajulikana na kila mtoto: Yanga ya mwaka 1935 na mwenzake wa mwaka 1936 aliyekuja kuitwa Simba mwaka 1971. Na katika siku za karibu Temeke yenyewe imetoa mfano wake. Said Fella alikuwa msimamizi wa kundi la muziki la TMK Wanaume, kisha akaanzisha kituo cha kukuzia vipaji vya vijana kilichoitwa Mkubwa na Wanawe, ambamo Yamoto Band ilitoka. Mwaka 2015 watu wa kata ya Kilungule walimchagua kuwa diwani. Mtu aweza kuupenda muziki huo au asiupende. Lakini aliyekwisha kulisha, kuvalisha na kupatanisha vijana wenye sauti kubwa na mifuko mitupu, huenda asione baraza la madiwani kuwa geni sana.

Sasa litazamwe sanduku. Katika asasi zilizo bora za vitongoji hivi, semina ni kidogo na sanduku ni kubwa. Ni sanduku la chuma, la kuchomelewa na fundi wa mtaani, rangi yake ya kijani au ya buluu, na ubavuni mwake mna kufuli tatu. Namna hii ya kuweka na kukopeshana, ambayo watu huiita vikoba, ina undugu na utaratibu uliobuniwa Niger mwaka 1991 kwa ajili ya wanawake wa vijijini, ukasafiri nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwa moja. Vijana wa mijini waliupokea kwa mama zao. Funguo tatu hushikwa na watu watatu, na sanduku hukaa kwa mtu wa nne asiye na ufunguo. Hakuna mmoja awezaye kulifungua peke yake. Na wanne wakitaka kula njama, yawalazimu kwanza waaminiane, jambo ambalo wezi hawaliwezi kwa muda mrefu.

Hesabu yake si ya kutisha. Wanachama 20, kila mmoja ananunua hisa ya shilingi 2,000 kwa juma. Hiyo ni 40,000. Majuma 50 ni shilingi 2,000,000, bila kuhesabu faida ya mikopo wala faini za waliochelewa. Kwa mtu wa benki hizo ni fedha za chai. Kwa msichana wa miaka 19 wa Mbagala Kizuiani, anayesuka nywele barazani kwa mama yake, hizo ni fedha nyingi kuliko zote alizopata kuziona mahali pamoja, na ufunguo mmoja kati ya mitatu umo shingoni mwake, umefungwa kwa uzi. Huoga nao. Siku ya kikao akichelewa, watu 19 hungoja. Akisafiri kwenda msibani Rufiji, hana budi kuukabidhi mbele ya mashahidi na kuandika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu yeye hakufundishwa ukutani, ameuona siku daftari liliponyeshewa na mvua, kikundi kikakaa saa nne kukumbushana nani alitoa nini.

Hapo ndipo tabia zilizoandikwa kwa wino mzito huanza kupata mwili. Mwaminifu: maana yake nini? Maana yake ni kuwa na ufunguo usiku ambao mdogo wako ana homa na nyumbani hamna senti, na kutowaambia hata wenye funguo nyingine kwamba umefikiria jambo. Mvumilivu: maana yake ni kumsikiliza mwanachama anayedai kuwa alilipa juma lililopita, nawe wajua hakulipa, na wahesabu fedha wawili wajua hakulipa, naye ni mtoto wa mwenye nyumba mnayofanyia kikao. Haki nayo huja kwa sura yake ya uchungu. Kijana aliyekopa 100,000 kununua viatu vya mitumba Tandika, mzigo ukatoka mbaya, hana cha kurudisha. Amtoze faini? Amsamehe? Akimsamehe huyu, atamwambia nini wa juma lijalo? Hakuna mada ya semina inayoweza kuleta swali hilo likiwa na meno yake, kwa kuwa katika semina hakuna aliyekopa.

Na vikundi huvunjika. Ni vema lisemwe waziwazi, maana ripoti za mwisho wa mwaka hazipendi kulisema. Mwenyekiti huweza kuhama usiku na simu yake isipatikane. Washika funguo wawili wakioana, kikundi huingiwa na wasiwasi hata kama hawana hatia. Siku hizi baadhi ya vikundi vimehamishia hazina katika simu, watatu wakiidhinisha kwa namba zao za siri, na njia hiyo ina usalama wake. Imepunguza hofu ya mwizi wa kuvunja dirisha, ila imepunguza pia ile saa ya kuhesabu noti juu ya mkeka, watu wote wakitazama mikono ya mhesabuji. Kikundi kilichovunjika hakikupotea bure, mradi wanachama wakae wahesabiane mpaka mwisho. Kijana aliyewahi kulipa deni la kikundi kilichokufa amesoma somo ambalo wakubwa wengi wa nchi hii hawakulisoma.

Wasichana wana kizuizi chao. Kijana wa kiume huaga kwa kuchukua kandambili. Dada yake huomba ruhusa. Kikao kikiwekwa saa kumi na moja jioni, yeye yuko jikoni. Akisema, "Mama, naomba niende, leo nina zamu ya ufunguo," hujibiwa, "Ufunguo wa nani, mwanangu? Maji nani atateka?" Ufunguo husaidia hapa kuliko hotuba. Mama aliye mwanachama wa kikoba chake mwenyewe ajua maana ya watu 19 kungoja, naye humwambia nenda, urudi kabla ya magharibi. Asingemruhusu kwenda kusikiliza mada. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama akiwa mbele yao, walikuwa wameligusa jambo hili kwa njia nyingine katika mradi wa Tuseme ulioanza mwaka 1996, ambapo wasichana wa shule za sekondari walitumia sanaa za maonyesho kuchunguza yanayowazuia, kisha wakayasema mbele ya wahusika wenyewe. Nguvu ya Tuseme ilikuwa katika hilo la mwisho. Mchezo ulichezwa mbele ya walimu na wazazi ambao kesho yake wasichana walikuwa wakutane nao, si mbele ya wageni watakaopiga makofi na kuondoka.

Fedha si mali ya pekee inayofaa kushikwa. Tandale yatoa mfano mwingine. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi wa Tandale walizunguka na vyombo vidogo vya kupokea ishara za satelaiti, wakaandika vichochoro, mifereji, vyoo vya umma, visima na majalala, mpaka mtaa ambao katika ramani nyingi ulikuwa doa tupu ukawa na majina yake. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo mvua kubwa ikaliangukia jiji, watu wapatao 40 wakafa, na mwaka uliofuata baadhi ya wakazi wa bonde la Msimbazi wakapelekwa Mabwepande. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, ukaichukua kazi ile ya Tandale na kuieneza katika kata nyingi zenye mafuriko. Kijana wa mtaani alikuwa na kitu ambacho mhandisi hakuwa nacho: alijua maji ya Mto Ng'ombe hupita kwa nani kwanza, yakifika dirishani kwa nani huwa yamekwisha kufika mlangoni kwa nani. Ujuzi huo zamani ulikuwa maneno ya kijiweni. Ulipoandikwa ukawa ushahidi, na aliyeuandika akawa mtu wa kuulizwa. Wazee waliomwita mzururaji walimwita tena, safari hii wakitaka awaonyeshe mfereji uliozibwa na ukuta wa jirani mwenye nguvu. Kumwonyesha mjumbe ukuta wa mtu mwenye nguvu, na kuendelea kuishi katika mtaa uo huo, ni uongozi wa namna ambayo haina cheti.

Serikali nayo ina sanduku lake. Tangu mwaka 2018 sheria yazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo kubwa, na nchi nyingi hazinalo. Walakini lilikutana na ugonjwa wake. Vilizaliwa vikundi vya kuombea mkopo, ambavyo wanachama wake walijuana siku ya kupiga picha za pasipoti. Fedha zikatoka, kikundi kikayeyuka. Mwezi wa Aprili 2023 serikali iliisimamisha mikopo hiyo ili itengenezewe utaratibu mwingine, na mwaka 2024 ikarudishwa. Tofauti kati ya kikundi kilichozaliwa na mkopo na kikundi kilichouomba mkopo kikiwa na miaka mitatu ya sanduku ni tofauti ya anayeokota na anayekopa. Ofisa wa maendeleo ya jamii aliye mwerevu haulizi kwanza andiko la mradi. Huomba daftari la zamani, lile lililochakaa, lenye kurasa zilizofutwa na kusahihishwa, na faini zilizoandikwa kwa majina.

Umri pia una vituko vyake, navyo si vya kupitwa bila kutajwa. Kijana wa sera hukoma akiwa na miaka 35, lakini mwenyekiti wa vijana hakomi. Wako wenyeviti wa vijana wenye mvi, ambao huanza hotuba kwa kusema "sisi vijana" huku wajukuu wao wakipanga viti. Ukubwa ni jalala, wasema watu. Kila uchafu hutupiwa mkubwa. Basi mtu angetazamia kwamba aliye juu ya jalala angefurahi kushuka. Asiposhuka, ni lazima pana kitu kitamu ambacho jalala halikukitaja. Vikundi vya sanduku vina dawa ndogo ya maradhi haya: kila mwaka, siku ya mgawo, sanduku hufunguliwa, fedha zote hugawanywa mpaka shilingi ya mwisho, na kabla mwaka mpya haujaanza funguo hutupwa juu ya mkeka. Kwa saa moja hakuna mwenyekiti, hakuna mweka hazina. Halafu watu huchaguliwa upya, au walewale, lakini funguo zimekwisha kulala mkekani na kila mtu amezitazama.

Ufunguo ambao haujapata kutupwa mkekani ni wa mlango wenyewe wa asasi. Ziko asasi, tena za watu wema, ambazo ufunguo wa ofisi unao mkurugenzi peke yake. Jumamosi asubuhi, vijana walioitwa kwa mada ya uongozi hufika saa tatu kamili. Hukaa kwenye ngazi, wengine hukaa juu ya tofali, wakaanza kuzungumza habari za mpira. Mshika ufunguo wa sanduku yumo miongoni mwao, uzi shingoni. Saa nne na nusu gari la mkurugenzi huonekana mwisho wa barabara ya vumbi. Wao husimama, hukung'uta nguo, humwamkia shikamoo, na mmoja wao humpokea mkoba ili apate nafasi ya kutafuta ufunguo mfukoni.